Sumaku ya Mangi: kwa nini chuma kikipigwa mionzi hubadilika umbo na usumaku

Pale Unga Limited, Arusha, kuna uwanja wa skrepa ambao mwenyewe wanamwita Mangi, ingawa biashara ya duka aliiacha zamani. Kifaa chake cha kazi ni kimoja: sumaku ya duara iliyong'olewa kwenye spika bovu na kufungwa kamba ya kiatu. Ukimletea kitu anaining'iniza juu yake. Ikivutwa, hicho ni chuma cha kawaida, bei ya chini. Isipovutwa, anavaa miwani na kuanza kukigeuzageuza: aluminiamu, shaba, au stenlesi?

Mchana mmoja nilimkuta akibishana na chalii aliyeleta sinki la jikoni, stenlesi safi, limebonyea upande mmoja. Juu ya ubapa wa sinki sumaku iliteleza kama juu ya kioo. Mangi akaisogeza kwenye kona, pale bati lilipokunjwa kiwandani, kamba ikainama. Akaipeleka kwenye lile bonde ambalo sinki lilipata wakati wa kubomolewa, ikanasa. Kidogo tu, lakini ikanasa.

"Umeona? Hii imechanganywa," Mangi akasema, mkono tayari unashusha bei.

Chalii akaapa kwamba hilo ni bati moja toka kona hadi kona. Aliponiona akapumua. "Shikamoo ticha. Hebu mwambie huyu mzee."

Chalii alikuwa sahihi: bati ni moja. Sumaku nayo haikudanganya, maana pale lilipokunjwa, stenlesi ile haikuwa tena na mpangilio wa atomu wa sehemu bapa. Nilimweleza Mangi hivyo, naye akaniangalia kama mtu anayesikiliza tangazo la dawa ya mitishamba. Ila chalii akaja na swali ambalo limenikalia kichwani tangu siku ile: kama kukunja tu kunafanya hivyo, chuma kilichopigwa mionzi kinakuwaje? Alikuwa amesikia kwamba kuna vyuma chakavu vinavyotembea na mionzi, na kwamba wataalamu wa kuipima wapo hapohapo mjini, Njiro, kwenye ofisi za Tume ya Nguvu za Atomiki. Alitaka kujua kama sumaku ya Mangi ingeweza kuifanya kazi hiyo bure.

Haiwezi. Ila hapo kuna maswali mawili yaliyofungwa kamba moja, na lazima tuyafungue kwanza.

Kuna chuma chenye mionzi, na kuna chuma kilichopigwa mionzi. Cha kwanza kina atomu zisizotulia ndani yake, zinazoendelea kutoa mionzi. Mwishoni mwa 1983, huko Ciudad Juárez nchini Mexico, mashine ya kutibu saratani iliyokuwa imekaa stoo ilifunguliwa na kuuzwa skrepa. Ndani yake mlikuwa na kobalti-60, metali inayotoa mionzi, maelfu ya punje ndogondogo. Zikayeyushwa pamoja na chuma kingine, zikatoka nondo za ujenzi na miguu ya meza. Habari ilijulikana Januari 1984, baada ya lori lililobeba nondo hizo kupita kwenye maabara ya Los Alamos, Marekani, na kuwasha kengele za kupima mionzi. Kwa sumaku, nondo zile zilikuwa nondo tu. (Na kwa kuwa makala hii inaweza kusomwa na watu wa skrepa: ukikuta kopo zito la madini ya risasi lenye alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu, usilikate wala usilibebe kwenda nalo nyumbani. Ondoka hapo, piga simu Tume.)

Cha pili ni kama shamba la mahindi baada ya mvua ya mawe. Mawe yameshayeyuka, lakini majani yamebaki na matundu. Kwenye mitambo ya nyuklia chuma hupata yote mawili kwa pamoja, kwa sababu nyutroni, chembe ndogo zinazotoka kwenye viini vya atomu, zikikigonga hugeuza baadhi ya atomu zake kuwa zisizotulia. Hapa nashughulika na matundu.

Boksi na visumaku

Msumari ni fuwele, sawa na chumvi ya mawe, isipokuwa fuwele zake ni ndogo mno na zimeshikana kiasi kwamba macho hayazioni. Fikiria boksi lenye pande sawa zote. Weka atomu moja kila kona, na nyingine moja katikati kabisa ya boksi. Halafu lirudie boksi hilo juu, chini na kila upande. Upande mmoja wa boksi una nanomita 0.287, kwa hiyo ndani ya milimita moja unapanga maboksi kama milioni tatu na nusu.

Kila atomu ya chuma ni kisumaku. Katika metali nyingi elektroni hujipanga jozijozi na kufutana. Katika chuma kuna zinazobaki bila kufutwa, na atomu jirani zinaelewana kuelekea upande mmoja. Joto huvuruga maelewano hayo. Ukienda kwa wahunzi wa Mamba, kule upande wa Marangu, beba sumaku. Chuma kikiwa kwenye makaa na mivukuto ikafanya kazi yake mpaka kikawa chekundu cha kukaribia rangi ya chungwa, sumaku haikitambui kabisa. Kiache kipoe huku sumaku ikiwa karibu: kikishuka chini ya nyuzi 770 hivi, sumaku inaanza kukivuta tena, na chuma bado kina wekundu wa kufifia.

Hapa ndipo masomo ya shule yanapotuacha njiani, nami nilikuwa miongoni mwa walimu walioacha watu njiani. Tunafundisha usumaku kama vile ni rangi: chuma kipo, na juu yake kimepakwa usumaku. Kumbe usumaku ndio unaolishikilia hilo boksi lenyewe. Wataalamu wakikokotoa chuma kwenye kompyuta huku wameuzima usumaku wake, atomu hazitaki tena kukaa kwenye boksi lile; zinajipanga kwa kubanana zaidi, tabaka juu ya tabaka, kama machungwa sokoni. Na ushahidi mwingine umetundikwa ukutani kwenye kila maabara ya sekondari. Angalia jedwali la elementi, safu ya chuma. Chini yake wapo rutheni na osmi, ndugu zake wa safu moja. Hao hawana usumaku wa namna hii, na wote wawili wamejipanga kimachungwa. Chuma nacho kingewafuata ndugu zake. Usumaku umekikatalia.

Kikipashwa hadi nyuzi 912 chuma hubadili mpangilio: sasa kila kona ina atomu, na katikati ya kila uso wa boksi kuna nyingine. Mpangilio huo hauna usumaku wa kuvuta kitu. Stenlesi ya sinki imewekewa nikeli na kromi kwa vipimo vinavyoufanya mpangilio huo wa motoni ubaki hata kwenye baridi. Ubaki, lakini kwa kulazimishwa. Ukiikunja kwa nguvu, tabaka za atomu zinateleza na baadhi zinaangukia kwenye boksi linalokaribia kabisa lile la chuma cha kawaida. Hiyo ndiyo kona ya sinki la chalii.

Nyutroni inapoingia

Atomu ya chuma imekaa kwenye kiti chake kwa nguvu. Kuing'oa ikae mbali isirudi kunadai nishati ya elektroni-volti 40 kwa wastani (ni kipimo cha nishati ndogo mno, cha kupimia atomu). Nyutroni inayotoka kwenye urani inayopasuka hubeba wastani wa milioni 2. Haina chaji, kwa hiyo inapita katikati ya elektroni kama mtu anayepita sokoni bila kusalimiwa, mpaka igongane na kiini cha atomu uso kwa uso. Kwa kuwa chuma ni kizito kuliko nyutroni mara 56, mgongano mmoja hauwezi kuhamisha zaidi ya asilimia 7 ya nishati hiyo. Asilimia 7 ya milioni 2 ni 140,000, na gharama ya kiti kimoja ni 40.

Atomu iliyogongwa inatimka na kuwavaa wenzake, nao wanawavaa wengine. Umewahi kuona gololi ikirushwa katikati ya gololi zilizopangwa? Ni hivyo, tofauti ni kwamba gololi zikitawanyika zimetawanyika. Hapa, kwa muda wa sehemu chache za trilioni ya sekunde, kaeneo kenye maelfu ya atomu kanachafuka mpaka kanafanana na chuma kilichoyeyuka, halafu kanapoa na atomu zinakimbilia viti. Nyingi zinapata. Si lazima kiti kiwe kile alichokiacha. Atomu za chuma hazina majina. Zinazokosa ndizo zinazobaki kama madhara, na daima huja mbilimbili: kiti kimoja kitupu, na mahali pengine abiria mmoja wa ziada.

Watafiti huhesabu madhara kwa kuuliza: kwa wastani, kila atomu imeng'olewa mara ngapi? Fomula inayotumika zaidi ilitolewa mwaka 1975 na Norgett, Robinson na Torrens, na inajulikana kuwa inazidisha: ndani ya chuma, mabaki halisi baada ya vurugu kutulia ni kama theluthi moja ya yale inayoyatabiri. Kwa kipimo hicho, ganda nene la nje la mtambo wa umeme wa nyuklia, kwa miongo yote ya maisha yake, halifiki hata mara moja kwa kila atomu. Ni sehemu ndogo ya moja. Vyuma vya ndani, vilivyo karibu na fueli, hufika makumi. Rudia sentensi hiyo taratibu. Kila atomu ya kipande kile imeng'olewa kwenye kiti chake mara kumi, ishirini, na kipande bado kimesimama na kubeba mzigo.

X-ray ya hospitali haina ubavu huo. X-ray na mionzi ya gama husumbua hasa elektroni, na katika metali elektroni ni mali ya kijiji kizima: ukitoa moja hapa, nyingine inaziba. Ndiyo maana maungio ya mabomba hupigwa picha kwa gama ili kutafuta nyufa, na bomba halipungukiwi kitu. Plastiki, dozi ikiwa kubwa, ingelia.

Abiria wa ziada

Sasa tupande haisi, au kifodi kama tunavyosema Arusha. Kiti cha watu watatu kimeshajaa, na konda ana abiria mmoja mkononi. Ana njia mbili. Anaweza kusema "sogeeni, wanne-wanne hapo", kila mtu akaminya nyonga yake kidogo, na wa nne akapotelea kwenye safu bila kujulikana nani hasa ndiye wa ziada. Au anaweza kumchagua mtu mmoja na kumwambia, "dada, gawaneni hapo na huyu", watu wawili wakakaa nusunusu kiti kimoja na wengine wasiguswe.

Tangsteni, molibdeni, vanadi, tantali na niobi zina boksi lilelile la chuma, na zote huchagua njia ya kwanza. Atomu ya ziada hujichomeka kwenye mstari unaokwenda kona hadi kona ya boksi, na kila mmoja wa mstari ule husogea kidogo. Mkao huo unateleza kirahisi ajabu. Katika tangsteni abiria wa ziada anaanza kutembea joto likiwa nyuzi chache tu juu ya baridi ya mwisho kabisa iliyopo, ile ya nyuzi 273 chini ya sifuri.

Chuma huchagua njia ya pili. Atomu mbili zinagawana kiti kimoja, zimekaa mshazari kufuata uso wa boksi. Jozi hiyo haitelezi. Ili isogee inabidi igeuke, mmoja aruke kwenye kiti cha jirani na kuanza kugawana na yule, na hilo halianzi mpaka nyuzi kama 160 chini ya sifuri.

Kwa nini chuma peke yake? Kwa miaka mingi hili lilionekana kama tabia tu, na mifano ya kompyuta iliyozichukulia atomu kama mipira iliyounganishwa kwa springi ilihangaika nalo. Hesabu zinazofuata elektroni zenyewe, zilizokomaa miaka ya 2000, zilitoa jibu: ni usumaku. Ukiwaangalia wale wawili waliogawana kiti, kile kisumaku cha kila mmoja, ambacho kwa kawaida kina nguvu, kimenywea hadi karibu na sifuri, na mabaki yake yameelekea kinyume na umma wote unaowazunguka. Kubanwa kumewanyang'anya usumaku. Jirani zao waliobanwa nao wamepungukiwa, na wale waliopata nafasi ya kujinyoosha wameongezeka kidogo. Kwenye kiti kitupu hali ni kinyume: atomu zinazolizunguka pengo zimepata pumzi, na visumaku vyao vimenenepa kidogo.

Mimi naona hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari hii. Mionzi imevunja mpangilio, mpangilio uliovunjika umebadilisha usumaku wa pale pale, na usumaku huohuo ndio umeamua kidonda kiwe na umbo gani. Ukiuliza kipi kilitangulia unajisumbua.

Na habari haiishii kwa abiria mmoja mmoja. Kwenye joto la kawaida wanatembea, wanakutana, wanaungana kuwa visahani vya unene wa atomu moja, kama sarafu iliyochomekwa katikati ya kurasa za kitabu. Visahani hivyo vina mikao miwili. Wa kwanza umeelekea kona ya boksi na unateleza vizuri. Wa pili umeelekea ubavu wa boksi na ni mkaidi, hausogei ovyo. Katika chuma kilichopigwa mionzi chini ya nyuzi 300 hivi, mkao wa kwanza huonekana kwa wingi. Juu ya nyuzi 500, mkaidi ndiye anayetawala. Mwaka 2008 Dudarev, Bullough na Derlet walieleza sababu: kadiri joto linavyopanda, maelewano ya visumaku yanaanza kuyumba hata kabla ya kuvunjika, na kuyumba huko kunakifanya chuma kilegee kwa namna fulani ya kupinda. Kwenye chuma kilicholegea hivyo, sahani mkaidi inagharimu nishati kidogo kuliko ile laini. Kwa mhandisi hili si mchezo wa nadharia, kwa kuwa mitambo anayotaka kuijenga inafanya kazi kwenye joto hilohilo la kati ya 300 na 550.

Anachokiona mhandisi kinajulikana zaidi, nami nitapita haraka. Visahani, na vijipande vya ile shaba kidogo iliyomo ndani ya chuma vinavyojikusanya, huzuia tabaka za chuma zisiteleze. Chuma kinakuwa kigumu, na ugumu huo unakuja na ukavu: kinachopaswa kupinda kinakatika. Viti vitupu navyo hukusanyika. Mwaka 1967 Cawthorne na Fulton waliangalia kwa hadubini ya elektroni stenlesi iliyotoka kwenye mtambo wa Dounreay, Uskoti, wakakuta imejaa vitundu vidogo sana, maana yake stenlesi ilikuwa imevimba kama andazi. Nyutroni nyingine huzaa heliamu ndani ya chuma chenyewe, na gesi hiyo huzilinda tundu zisizibike. Aloi, yaani michanganyiko ya metali, zenye boksi la chuma cha kawaida huvimba kidogo kuliko stenlesi ya sinki, na ndiyo sababu watu wanaoota mitambo ya muungano wa nyuklia, ya kuunganisha viini vya atomu badala ya kuvipasua, ambako nyutroni zinatoka na elektroni-volti milioni 14, wameelekeza macho kwenye aloi za chuma chenye kromi kama asilimia 9. Kromi nayo ina vituko vyake vya kisumaku: ikiwa kidogo ndani ya chuma, visumaku vyake huelekea kinyume na vya chuma, na atomu zake hupenda kukaa mbalimbali. Zikizidi asilimia 10 hivi zinaanza kujitenga makundi, na mionzi huwaharakisha.

Kusikiliza chuma

Je, tunaweza kuigeuza habari hii iwe kipimo? Bila kukata chuma, tukapima usumaku wake na kujua kimechakaa kiasi gani?

Msumari mpya hauvuti pini, ingawa kila atomu yake ni kisumaku. Sababu ni kwamba chuma kimegawanyika mitaa. Ndani ya mtaa mmoja wote wanaangalia upande mmoja. Mtaa wa pili unaangalia kwingine, na jumla yao inafutana. Ukileta sumaku, mtaa unaokubaliana nayo unapanuka na kumeza wenzake, yaani mpaka kati ya mitaa unasogea. Mpaka huo hausogei taratibu kama pazia. Unakwama kwenye kasoro, unavutwa, unachomoka, unakwama tena. Mwaka 1919 Heinrich Barkhausen alizungushia waya kipande cha chuma, akauunganisha na kikuza sauti, akasogeza sumaku. Alisikia mchakacho, kama mahindi yanayoanza kuitikia kwenye kikaango. Kila mlio ulikuwa mruko wa mpaka.

Chuma kilichopigwa mionzi kina kasoro nyingi za kunasa mipaka. Kwa kawaida inahitaji msukumo mkubwa zaidi wa sumaku kuwageuza wakazi wake, na mchakacho wake hubadilika. Watafiti wamelifanyia kazi wazo hili kwa ajili ya maganda ya mitambo ya umeme, ambayo huwezi kuyakata kipande kila mwaka ili uyavunje maabara.

Maoni yangu ni kwamba ni kipimo kizuri cha kulinganisha na kibaya cha kuhukumu. Kama una chuma kilekile, kilichopimwa kabla na baada, mabadiliko ya usumaku yanakuambia kitu. Lakini mpaka wa mtaa haujui umenaswa na nini. Sahani ya mionzi, kijipande cha shaba, mkazo uliobaki baada ya kuchomelea, hata nyundo ya fundi, vyote vinaunasa. Kuna vipimo ambavyo usumaku hupanda halafu, dozi ikiongezeka, unarudi nyuma. Ukipewa namba moja bila historia ya kipande, uko palepale alipokuwa Mangi na kona ya sinki: sumaku imesema kweli, na wewe umeisoma vibaya.

Mionzi inapopanga

Mpaka hapa nimeiita kazi ya mionzi madhara. Neno hilo lina kasoro. Chukua aloi ya chuma na aluminiamu, atomu 60 kwa 40. Ikiwa imepangika vizuri, chuma na aluminiamu kila mmoja mahali pake, sumaku haiivuti. Ipige ayoni, yaani atomu zenye chaji, uvuruge mpango huo, atomu za chuma zijikute jirani na chuma wenzao: papo hapo inakuwa na usumaku. Wataalamu wametumia hili kuchora michoro ya kisumaku midogo kuliko unene wa unywele kwenye utando wa aloi hiyo, mwale wa ayoni ukiwa ndio kalamu. Hata ndani ya mtambo, stenlesi isiyovutwa inaweza kupata madoa yanayovutwa, kwa kuwa mionzi husukuma nikeli kuelekea mahali fulani, na pale nikeli inapopungua mpangilio wa kulazimishwa unaachia.

Kisa cha kinyume ndicho kinachonishangaza hadi leo. Changanya chuma na nikeli nusu kwa nusu. Ukiupoza mchanganyiko huo, atomu zinabaki ovyoovyo. Upo mpangilio bora, tabaka la chuma, tabaka la nikeli, tabaka la chuma, na mpangilio huo ungekuwa sumaku ngumu ya kudumu. Tatizo ni kwamba unasimama chini ya nyuzi 320 tu, na kwenye joto hilo atomu haziwezi tena kutembea; ni kama kuwaambia watu wajipange foleni baada ya miguu kufungwa. Tunaupata kwenye baadhi ya vimondo, miamba ya chuma na nikeli iliyopoa angani kwa mamilioni ya miaka, nyuzi chache kwa kila miaka milioni. Miaka ya 1960 mwanzoni, huko Grenoble, Ufaransa, Louis Néel, Paulevé na wenzao waliweka aloi hiyo kwenye nyutroni, ndani ya uga wa sumaku, chini kidogo ya joto hilo. Nyutroni ziling'oa atomu, zikaacha viti vitupu, na kila kiti kitupu kikawa njia ya jirani kuhama. Atomu zikapata miguu, zikajipanga. Nyutroni zikawa zimefanya mtamboni kazi iliyowachukua vimondo mamilioni ya miaka.

Dawa ya chuma kilichochoka inafuata njia hiyohiyo ya kuwapa atomu miguu. Baadhi ya maganda ya mitambo ya muundo wa Kisovieti yaliwahi kupashwa hadi karibu nyuzi 475 kwa siku kadhaa, fueli ikiwa imetolewa, na kurudishiwa sehemu kubwa ya uimara wake. Viti vitupu vikapata abiria, visahani vikayeyuka, vijipande vya shaba vikavimba na kupungua idadi.

Hilo ndilo nililomwambia chalii mwishoni, na yeye, kama vijana walivyo, akataka kuliona. Akakata kipande cha kona ya sinki, akakipeleka kwa fundi mchomeleaji wa upande wa pili wa barabara, wakakipiga moto wa gesi mpaka kikawa chekundu kote. Tukasubiri kipoe. Mangi akaining'iniza sumaku yake juu ya kipande kile, akaisogeza huku na huku, akaigusisha kabisa. Ikateleza.

Akakipima kwenye mzani, kile kipande kimoja, gramu zake chache, kwa bei ya stenlesi. Halafu akalionyesha sinki lililobaki kwa kidole.

"Sawa ticha. Na gesi ya kuchoma lote hili, analipa nani?"